Mkwe Atalala Wapi

Marietha wa Mungaa hajawahi kuwa na haraka na kitu chochote, na sisi majirani zake tulishachoka kumngoja. Ukienda naye mnadani utakuta mbuzi wazuri wameshauzwa, maana njiani lazima amsalimie kila mtu, aulize habari za mtoto, za kuku, na za mguu uliovunjika mwaka juzi. Basi mkwe wake alipotaka kumpeleka Japani, jibu lake lilikuwa moja: atakwenda, ila asikimbizwe. Nchi ya watu, alisema, huijui kwa kuipita.

Mkwe mwenyewe anaitwa Haruo, Mjapani, fundi wa mashine za kukamulia alizeti pale Singida Mjini. Alimwoa Agripina, binti pekee wa Marietha, kwa ng'ombe na kwa ndoa ya kanisani, na Kiswahili anakisema vizuri kuliko wapwa zangu walioko Dodoma. Kiangazi kizima walikuja Jumapili kupanga safari. Marietha alikaa mkekani, uso ameuelekeza ukutani. Haruo alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, macho chini. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali sahani moja, na kulala chini ya paa moja ndiyo usiseme. Katikati yao Agripina alipita na simu, akimpelekea mama picha na kumrudishia mume maswali.

Safari ikakua hivyo, picha kwa picha. Wangepanda treni ndogo yenye behewa moja, inayosimama hata pale ambapo hakuna anayeshuka. Wangekaa Matsue, mji ulio kando ya ziwa, kwa sababu Marietha alitaka kuona kama ndege wake wanafanana na wa ziwa letu la Singidani. Wangepita Hagi kwa wafinyanzi, maana bibi yake alikuwa mfinyanzi. Kisha Yunotsu, ambako maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto, na mwisho kijiji kilicho mbele ya mji wa Tsuwano, anakoishi mama yake Haruo, mjane kama yeye, mkulima wa mpunga. Nikimtembelea alinitajia miji hiyo kama mtu anayetaja watoto wake. Sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile tangu amzike mumewe.

Alizeti ilipovunwa, shemeji yake Damiani akaitisha ukoo tumuage na kumwombea. Tulikula kuku na mlenda, Padri akabariki, kisha Damiani akamwomba Haruo atueleze safari yenyewe. Masikini kijana akasimama kwa fahari. Akaeleza treni, akaeleza ziwa, simu ikizunguka mkono kwa mkono. Alipofika Yunotsu akatuonyesha chumba cha wageni, mikeka mitupu na magodoro matatu yamepangwa sakafuni. Hapa, akasema, tutalala wote watatu, mimi, Agripina na mama. Na nyumbani kwetu mama yangu atampeleka mama kwenye bafu la kijiji, akina mama huvua nguo zote wakaoga pamoja.

Damiani akakohoa. Mimi nikacheka, Mungu anisamehe, na kicheko changu ndicho kilichowafungulia wengine.

Marietha akavuta khanga mpaka machoni, akaingia jikoni. Nilimfuata nikamkuta ameinama mbele ya mafiga yasiyo na moto. Ile picha ya magodoro alikuwa ameshaiona, akaniambia, ila yeye na Agripina walidhani la tatu ni la mgeni mwingine na chumba cha mama kiko kwingine. Sasa nani atamwamini? Watu watasema alijua, akakubali, kwa tamaa ya kupanda ndege.

Huko nje Damiani alimpeleka Haruo kando ya zizi akamweleza. Kijana alirudi amekuwa mwekundu, akapiga magoti nje ya mlango wa jikoni, akaweka viganja viwili na paji la uso chini. Alijua kigoda, alijua macho chini, lakini hakuna aliyewahi kumwambia habari ya paa, kwa kuwa hapa kwetu kila mtu huzaliwa akijua. Marietha kuona mkwe amelala kifudifudi mavumbini kwa ajili yake, alilia. Haruo akaondoka bila kuaga.

Maneno yalifika kwenye mashine ya kusaga kabla ya mtama. Marietha akaacha kwaya, akaacha mnada, na salamu zake akazifupisha. Kwa Agripina alituma neno moja tu, kwamba haendi tena.

Siku moja Agripina akaja, nami nilikuwepo nikipembua mtama. Haruo alibaki nje ya ua, nyuma ya michongoma. Agripina akamweleza mama yake kwamba safari yote imepangwa upya. Kila mji mama ana nyumba yake na mkwe ana yake. Imebaki kwao Haruo tu, ambako kuna nyumba moja ndogo. Huko mama yake Haruo ameshakubali kuhama, amwachie mgeni nyumba, akalale kwa dada yake pamoja na Haruo, na habari za bafu zimefutwa.

Akatoa simu. Picha ilionyesha bibi mfupi amesimama mlangoni kwake, furushi la nguo miguuni. Juu ya kigoda kipya cha kuogea kulikuwa na taulo mbili zimekunjwa.

"Alizinunua kabla hajaambiwa," Agripina akasema. "Haruo alipompigia kwamba hamtaoga pamoja wala hamtalala pamoja, aliuliza, 'Nimemkosea nini mwenzangu?'"

Marietha aliitazama picha ile mpaka simu ikazima yenyewe. Akaiwasha, akatazama tena. Nami nilikumbuka kicheko changu, nikainamia ungo nisionekane uso.

"Nimemfukuza mama wa watu nyumbani kwake," akasema, "na mlango wake sijaugusa."

Agripina akaanza kusema kwamba si hivyo, kwamba bibi ataelewa. Mama yake akamnyamazisha kwa mkono. Akajitanda khanga vizuri, akageukia ukuta kama zile Jumapili za kiangazi, na kwa mara ya kwanza akapaza sauti ivuke ua bila kupitia kwa mtu.

"Mkwe, unanisikia?"

"Nakusikia mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako asihame. Mwiko ni wangu na wako, yeye haumhusu. Mimi nitalala naye. Atakayetafuta pa kulala ni wewe."

"Ndiyo, mama," Haruo akajibu nyuma ya michongoma.

Marietha alikuwa bado hajafika kwenye lile zito. Akamrudishia binti yake simu bila kumtazama.

"Muulize," akasema polepole, "katika hizo taulo, yangu ni ipi. Nisije nikachukua ya mwenyewe."