Ufunguo wa Bani la Igalula

Ufunguo wa bani la tumbaku lisilo langu unaning'inia kwenye msumari juu ya mlango wa chumba changu. Nimestaafu uhakimu, na mpaka leo sijui naushika kama nani. Vijana wanaosomea sheria wakija kunisalimia hapa Tabora mjini hucheka nikiwaambia hivyo. Halafu hujaribu kunieleza, nao wanakwama.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Bukene, katika mahakama ya mwanzo, ile iliyo karibu zaidi na mwananchi. Nilikuwa Mzaramo kijana kutoka Kisarawe, koti jeusi likinibana kwapani. Hakimu mfawidhi wa wilaya, mkubwa wetu sote, alinipeleka mwenyewe hadi ukumbini. Kulikuwa na viti vitatu.

"Cha katikati ni chako," akasema, "lakini usivimbe. Hivyo vingine ni vya wazee wa baraza, na kura zao ni sawa na yako. Wakikubaliana wawili, umeshindwa, na hukumu unaiandika wewe."

"Hata kama wamekosea, mheshimiwa?"

"Utaandika kwamba hukubaliani nao. Kisha utasaini."

Nilidhani ananitania. Wazee wa baraza hawakuwa wanasheria; walikuwa wakulima na wafugaji walioheshimika, wakikaa na hakimu kusikiliza mashauri. Siku hizi nasikia mambo yamebadilika, lakini enzi zetu walikuwa na kura kweli, na mwezi haukupita kabla sijashindwa ndani ya mahakama yangu mwenyewe.

Kutoka Bukene nilihamishiwa Kaliua, ambako mashahidi wa upande wa Mpanda walifika treni ilipopenda. Nikiwa huko tuliitwa mjini kwenye semina. Mhadhiri mmoja wa sheria alichora visanduku vitatu ubaoni akatueleza Katiba ya Marekani. Rais anaweza kuukataa muswada wa Bunge. Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili katika mabaraza yake yote mawili, unakuwa sheria bila yeye. Mahakama nayo inaweza kuibatilisha sheria hiyo hiyo. Lakini majaji wanateuliwa na Rais, na Seneti lazima iwaridhie. Mishale ikajaa ubaoni hadi visanduku havikuonekana.

"Sasa mwenye neno la mwisho ni nani?" nikauliza.

"Hakuna. Ndiyo mizani yenyewe. Anayeamua asiwe yule anayeshika rungu."

"Na mwenye rungu akikataa kutii hukumu?"

Mhadhiri alijipangusa chaki mikononi. "Anatii," akasema, "kwa sababu siku zote ametii." Kisha tukaenda kunywa chai. Niliondoka na ile sentensi ya rungu, nikaiona nzuri, ingawa jibu lake la mwisho sikulielewa.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa upande wa Igalula. Wazee wangu wa baraza walikuwa Mzee Shija, mfuga nyuki, na Bibi Nyamizi, aliyekuwa mkunga. Walifurahi mno kupata Mzaramo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu mababu zao walipobeba mizigo ya misafara kwenda pwani na kulala vijijini kwetu. Mtani anakutukana usikasirike, anachukua kuku wako usimshtaki, na msibani ndiye anayeweza kuingia kati ya ndugu wanaogombana. Bibi Nyamizi hakuniita mheshimiwa hata siku moja. "Mla nazi," aliniambia, "kaa, tuanze."

Ndipo likaja shauri la bani. Bani ni banda la kukaushia tumbaku kwa joto la kuni. Majani yakishachumwa na bani halipo, yanaoza. Mume wa Mama Kalunde alikuwa amefariki, na mdogo wa marehemu, Mihayo, akafunga bani kwa kufuli akisema ni la ukoo. Mashahidi walionyesha wazi kwamba mjane na mumewe walilijenga wenyewe. Kwangu shauri lilikuwa jepesi. Tukaingia chumba cha nyuma.

"Bani ni la mjane," nikasema.

"Ni lake," akakubali Mzee Shija. "Na hiyo hukumu yako itamzuia nani? Bani ni miti na nyasi. Kiberiti kimoja tu."

"Nitaagiza polisi."

"Kituoni wako wawili, na mmoja ana likizo."

Katibu tarafa, mwakilishi wa mkuu wa wilaya pale, alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba ufunguo, ambao Mihayo aliukabidhi mahakamani, upelekwe ofisini kwake kwa usalama. Niliwakumbusha.

"Mpe huyo," Bibi Nyamizi akasema, "na mwakani hata kuingia shambani utaomba kibali kwake. Ufunguo akae nao mtani wa marehemu. Awafungulie kwa zamu mpaka hasira ziishe."

"Mtani yupi?"

Wote wawili wakanitazama.

Niliwaeleza visanduku na mishale. Nikasema anayeamua asiwe anayeshika, hata Wamarekani wamelijua hilo.

"Wamarekani wana watani?" akauliza Mzee Shija.

"Sijui."

"Basi waache kwanza."

Kura zilikuwa mbili kwa moja. Niliandika kwamba sikubaliani, nikasaini, kisha nikatoka ukumbini na ufunguo mfukoni. Mihayo alinisubiri nje. Nilijiandaa kwa matusi ya kweli.

"Hakimu ningemkatia rufaa," akasema. "Mtani nitamkatia wapi?"

Hakimu mfawidhi alipokagua jalada aliniita mjini. "Wewe ni mahakama au ni ghala?"

"Nilishindwa kura, mheshimiwa."

Akaifuta hukumu, akaagiza shauri lisikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine, na mimi nirudishe ufunguo. Alikuwa sahihi kabisa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika hivyo hivyo. Nikaupeleka. Mihayo akakataa kuupokea kwa kuogopa shemeji yake, na Mama Kalunde akaweka mikono nyuma.

"Wamefuta hukumu," akasema. "Utani wamefuta?"

Shauri likapangwa mbele ya hakimu mwingine. Hakuna upande uliofika. Likapangwa tena, hivyo hivyo. Mahakimu wakahamishwa, nami nikastaafu. Kila msimu nilipanda gari la Igalula, nikafungua bani, mjane akakausha, kisha Mihayo akakausha, wakinitukana kwa zamu. Hakuna polisi aliyewahi kufika. Kwa nini walitii amri iliyofutwa, sijui. Nimelifikiria sana jibu la yule mhadhiri, na bado halinitoshi.

Baada ya msimu uliopita Mihayo alifariki. Mwanawe, anayefanya kazi Dar, alikuja hapa nyumbani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimefuata ufunguo wa bani. Nataka kulivunja, nijenge fremu za maduka."

"Baba yako alikuwa mtani wangu."

"Mzee, mambo ya utani ni yenu. Mimi naongelea sheria."

Nikaenda kumwona hakimu wa sasa, binti mwenye adabu. Alinisikiliza hadi mwisho. "Kama ulipewa na mahakama," akasema, "ulete hapa, nami nitafuata utaratibu. Kama ulipewa kwa utani, sina mamlaka nao."

"Mahakama ndiyo iliyoamuru nipewe kwa utani. Kisha mahakama ikafuta."

Alicheka, halafu akaacha. Akaomba muda wa kufikiri.

Mzee Shija na Bibi Nyamizi wametangulia mbele ya haki; hakuna wa kunishinda kura. Nikimpa kijana ufunguo, Mama Kalunde hana pa kukaushia. Nikimpa Mama Kalunde, nimetoa hukumu nikiwa nimevaa kandambili, bila kiti wala cheo. Nikiupeleka mahakamani utakaa humo, na tumbaku haingoji utaratibu.

Jana Mama Kalunde alinipigia simu. Majani ya chini yameshageuka manjano, na yule kijana ameleta mafundi, wamekaa kivulini wanasubiri.

"Mla nazi," akasema, "unakuja kama nani safari hii?"

Nimekata tiketi ya kesho. Ufunguo bado uko kwenye msumari.