Injini Iliyokataa Kumaliza Tangi

Juma lile niliporudishiwa tasnifu yangu na jopo la watahini, ikiwa na maswali mengi kuliko kurasa zilivyoweza kuyabeba, niliondoka Mbeya nikaenda Iringa kwa mjomba wangu, muuza vitambaa. Hakuniuliza lolote kuhusu chuo. Aliniambia tu kwamba ndege yake inaumwa.

Ni ndege ndogo ya mbao nyepesi, yenye injini isiyozidi ngumi ya mtoto. Haiongozwi kwa redio. Hufungwa nyaya mbili nyembamba, ikazunguka hewani huku mrushaji, aliyesimama katikati, akiipandisha na kuishusha kwa mpini. Tulipoirusha Mbeya, mjomba aliponitembelea, ilimaliza tangi zima bila kukohoa. Sasa, katika uwanja wa wazi karibu na Kalenga, iliguruma vizuri ikiwa chini, kisha ikazimika baada ya mizunguko michache na kuteleza majanini kama bata aliyeudhika.

Mke wa mjomba, aliyechoka kuona meza ya chakula imegeuzwa gereji, alikuwa amekwisha kutoa hukumu: ama ndege imalize tangi Jumapili hiyo, ama ining'inizwe dukani juu ya mitandio, iwe pambo. Mjomba alikuwa amekubali mbele ya majirani, na tangu hapo hakulala vizuri.

Nilianza kwa nadharia. Kalenga iko chini kuliko Mbeya. Hewa yake ni nzito zaidi. Injini inayovuta hewa nzito huhitaji mafuta zaidi. Nikafungua kidogo sindano, ile skrubu nyembamba inayopima mafuta yanayoingia kwenye kabureta. Ikazimika. Nikabadilisha plagi. Ikazimika. Nikafikiria povu ndani ya tangi, joto la mafuta na, kwa muda ambao sijivunii, mwelekeo wa kaskazini.

"Msomi," mjomba akasema, "utaiandikia sura ngapi kabla haijaruka?"

Yeye aliamini kuwa mafuta yana uchafu. Alilelewa na mama mwenye asili ya pwani, aliyechuja tui, chai na hata maji ya kunywa, na kwake kuchuja kulikuwa nusu ya ustaarabu. Kwa hiyo kila injini ilipozimika aliyamwaga yale mafuta, mchanganyiko wa methanoli na mafuta ya nyonyo, akayachuja upya kwa kipande cha bafta mpya, kitambaa cheupe cha pamba, kutoka dukani kwake. Mbeya tulikuwa tumeyamimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu.

Alipokwenda kuswali alasiri, niliketi majanini nikapanga upya yote tuliyofanya. Jambo moja likanishika: kila baada ya kuchuja, safari ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Nikaichomoa sindano na kuielekeza juani. Kwenye ncha yake palikuwa na kishungi cha nyuzi nyeupe.

Nilitayarisha utangulizi wa heshima, wenye shukrani kwa juhudi zake na tahadhari kuhusu mipaka ya ushahidi wangu. Aliporudi nikausahau wote, nikampa sindano. Akavaa miwani, akaunyofoa unyuzi mmoja, akausugua kati ya vidole.

"Bafta," akasema. "Tena ile nzuri."

Akacheka hadi akakaa chini.

Tulisafisha sindano na mpira unaopitisha mafuta, tukajaza tangi kutoka kwenye dumu jipya, naye akanishikisha mpini. Ndege ilipanda, ikazunguka, ikaendelea kuzunguka, hata nikawa sioni tena Kalenga bali utepe wa kijani ukinipita machoni. Ilipozimika, ilizimika kwa kukosa mafuta. Mjomba alilitikisa tangi sikioni, akampigia mkewe simu hapo hapo.

"Tunarudi nayo nyumbani," akamwambia. Akasikiliza, kisha akaziba simu kwa kiganja. "Anauliza ilikuwa na nini. Mweleze wewe kitaalamu, ila bafta usiitaje."

Nikaipokea, nikamwambia kwamba tatizo lilikuwa kwenye sindano ya mafuta, jambo ambalo, kwa kadiri lilivyokwenda, lilikuwa kweli.