Mwisho Usiokuwa Kitabuni

Chathukutty hakupewa kiti cha msomaji kama zawadi. Alikipatania bei, kama mtu anayenunua ng'ombe. Msomaji wa zamani alipoacha kazi kwa sababu ya kifua, wasokotaji wa lile banda la bidi, zile sigara ndogo za tumbaku iliyosokotwa kwenye jani, nje kidogo ya mji wa Kannur, kusini mwa India, walimgeukia yeye, kwa kuwa sauti yake ilifika mlangoni bila kupigiwa kelele. Chathu akaendelea kusokota, macho kwenye ungo wake wa tumbaku, kana kwamba aliyetajwa ni mtu mwingine.

"Kiti ni chako, Chathu," msokotaji mwenzake Raghavan akamwambia. "Au unataka tukubembeleze kama bibi harusi?"

"Bibi harusi huvishwa dhahabu. Mimi mtanivisha nini?"

Kila mtu alijua atakachopata. Desturi ya mabanda yale ni ya siku nyingi: mmoja husoma, wengine husokota, na jioni kila msokotaji hutoa fungu katika bidi zake, ili msomaji naye awe na kazi ya kumwonyesha mkaguzi. Lakini Chathu alikuwa amekaa chini miaka mingi. Alikuwa ameona jinsi watu wanavyomtolea msomaji bidi zilizolegea, zile ambazo mkaguzi angezitupa. Kwa hiyo akaweka masharti. Bidi zake ziwe zimebana. Maji ya moto ya bizari nyembamba yasikosekane kando yake. Na mtu asimkatize katikati ya sentensi.

"Hata nikiumwa na nge?"

"Subiri nukta, Raghavan, kisha ulie."

Wakakubali. Naye akawapa thamani ya bidi zao. Asubuhi alisoma gazeti, kuanzia habari za bunge hadi bei ya nazi. Baada ya muhogo na mchuzi wa samaki, ilikuwa zamu ya riwaya. Hapo mikasi ilikata majani polepole zaidi, na aliyetaka kukohoa alitoka nje.

Msidhani wale walikuwa watu wa kusikiliza tu na kusahau. Kitabu kilichaguliwa kwa kunyoosha mikono, tena baada ya ugomvi ambao ungeweza kuvunja ndoa. Wakikutana na watu wa banda jingine kwenye kibanda cha chai, salamu haikuwa habari za nyumbani, ilikuwa "Mnasoma nini sasa?" Banda lililochagua kitabu kibaya lilichekwa msimu mzima. Na lililopata kizuri lilitembea vifua mbele, likiwapendekezea wengine kama mtu anayetangaza mchumba wa binti yake: kina mwanzo mzuri, hakichoshi, vumilieni sura ya tatu.

Mpendekezaji mkubwa kuliko wote alikuwa Madhavi. Alikuwa mjane, mikono yake myepesi, ulimi wake mzito mpaka atajiwe kitabu. Yeye mwenyewe aliweza kusoma kibao cha basi na si zaidi, lakini kitabu alichokisikia mara moja kilikaa kichwani mwake kama mchele kwenye pipa. Kitabu cha mama wa kivukoni yeye ndiye aliyekipigia debe, maana dada mmoja wa banda la jirani alikuwa amemnong'oneza mwanzo wake. Mikono mingi ikainuka.

Kilikuwa kisa cha mwanamke mvushaji, anayeendesha mtumbwi wake mtoni, ambaye mwanawe wa pekee amekwenda kufanya kazi melini. Barua zinakoma. Watu wa kijiji wanamwambia mama amtolee kijana wake matonge ya wali, kama watolewavyo wafu, kunguru wayale na roho itulie. Mama anakataa. Kunguru, anasema, halishwi tonge la mtu aliye hai.

Walikuwa wamefika kama nusu ya kitabu wakati habari ilipomfikia Madhavi. Mwanawe Dineshan alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo, na meli hiyo ilikuwa imezama kwa dhoruba huko kaskazini. Baadhi ya maiti ziliokotwa ufukweni. Yake haikuonekana.

Madhavi hakuja kazini siku kadhaa. Aliporudi, alikaa mahali pake, akaloweka majani yake, akasema, "Endeleeni. Mlifika wapi?"

Hapo ndipo Chathu alipofanya hesabu mbaya, yeye ambaye hakuwahi kupunjwa hata sokoni. Desturi yake ilikuwa kuzitangulia kurasa nyumbani, ili asijikwae mbele za watu. Akajua mwisho. Mabaharia wanamletea mama sanduku la bati la mwanawe. Mama anapika wali. Angeweza kuliambia banda, jamani, kitabu hiki tukiweke kando. Angeweza kumvuta Madhavi pembeni. Alichofanya ni kupanda kitini na kitabu chake, akasoma vizuri mpaka pale mama anaposikia hatua kwenye gati, kisha akaliacha andiko na kuanza kusema ya kwake. Macho yaliendelea kushuka kwenye mistari. Kidole kiligeuza kurasa kwa wakati wake. Katika mdomo wa Chathu, mtu aliyesimama ng'ambo akiita mtumbwi alikuwa ni yule kijana, amekonda, amefuga ndevu, na mama hakumtambua mpaka alipocheka.

Raghavan alipenga kamasi kwenye ncha ya shuka yake.

"Hapo alipocheka," Madhavi akasema. "Rudia hapo, kaka Chathu."

Ikabidi arudie kitu kisichokuwa na maandishi. Alipomaliza, aliliona fungu alilowekewa na Madhavi jioni ile: lilikuwa kubwa kuliko la siku zote. Akalichukua.

Tangu hapo Madhavi alikipendekeza kitabu kile kwa kila mwenye masikio. Aliwaambia wauza samaki, akamwambia mke wa mwalimu, akamwambia kondakta wa basi. "Kisome. Usikiache katikati, mwisho wake ndio kitabu." Na nyumbani kwake sahani ya chakula cha Dineshan iliendelea kufunikwa mezani.

Chathu aliyasikia hayo, akajituliza kwa hoja za mfanyabiashara. Mali imetoka, mnunuzi ameridhika, nani ana hasara?

Hasara ilikuja na mwezi wa mvua kubwa. Katika mwezi huo kuna siku ya mwezi kufa, mwezi unapotoweka angani, ambapo kila nyumba yenye marehemu hushuka pwani kumtolea matonge. Ndugu wakamwambia Madhavi ajiandae. Akawajibu kwa maneno ya kitabuni: kunguru halishwi tonge la mtu aliye hai. Wakamsihi. Akawafukuza uani.

Latha, binti yake, alikuwa anasoma chuo mjini. Mama alikuwa amemsumbua kuhusu kitabu kile hata akaenda kukiazima maktaba ili apumue. Alikisoma mpaka mwisho. Kesho yake, saa ya chai, aliingia bandani mwavuli ukichuruzika maji, akasimama mbele ya kiti.

"Shikamoo, mjomba Chathu. Kitabu mlichosoma hapa ni hiki?"

Chathu alitazama jalada. "Ni hicho, mwanangu. Kaa unywe chai."

"Sitaki chai. Huyu kijana amerudi ukurasa gani? Nimemtafuta, simwoni."

Raghavan akacheka kidogo, kwa kutojua. "Latha, wewe msomi mzima umeruka kurasa? Tumemsikia sote. Alifuga ndevu."

"Hana ndevu, mjomba Raghavan. Amekufa. Limerudi sanduku lake."

Watu wote wakamgeukia Chathu. Naye, kwa kuwa ulimi wake ulizoea kutafuta bei nyingine, ya kwanza inapokataliwa, akasema bila kuyumba, "Kuna matoleo mawili. Lile la zamani lilikuwa na mwisho mwingine. Wapiga chapa hubadilisha, hamjui?"

Ilikuwa hoja nzuri. Wengi walianza kuitikia kwa vichwa. Hata Latha alikifungua kitabu nyuma kutazama chapa ya ngapi. Lau mambo yangeishia hapo, Chathu angetoka salama, na Madhavi angebaki na sahani yake.

Lakini Madhavi alikuwa ameinuka. Vumbi la tumbaku lilimdondoka kwenye magoti. Alikuja mpaka kitini, akasimama karibu hata Chathu akasikia harufu ya majani mabichi mikononi mwake.

"Kaka Chathu. Nina mtoto ambaye kama amekufa, ana njaa tangu siku ile. Kama yu hai, sina haraka. Matoleo ni mangapi?"

Chathu alitazama sakafu, kisha mlango. Hapakuwa na bei ya kati.

"Ni moja," akasema.

Mtu mmoja nyuma alitukana kwa sauti ya chini.

"Ulitaka nini?" Madhavi akauliza. Hakupaza sauti.

"Nilitaka kukupunguzia, dada."

"Nani alikuomba punguzo?" Sasa sauti yake ilitetemeka, na yeye mwenyewe akaona, akaikaza. "Nimesokota bidi zako na zangu kwa mikono hii. Nilitoa kwa ajili ya kitabu kizima. Wewe ukanikatia kipande, ukajaza pumba, ukafunga uzi. Bidi kama hiyo mkaguzi huitupa. Mimi nimeivuta miezi yote hii."

"Mama, twende nyumbani," Latha akamshika kiwiko.

"Siendi. Mpe kitabu. Asome."

"Dada Madhavi, si leo," Raghavan akasihi. Hakuwa na mzaha tena.

"Raghavan, kaa. Uliusikia uongo, sikiliza na kweli yake. Kaka Chathu, anzia kwenye hatua za gatini. Na usome kilichoandikwa, hata kama kimeandikwa vibaya."

Chathu alikipokea kitabu. Mvua ilipiga vigae, ikambidi aongeze sauti. Hatua zile zilikuwa za wanaume wawili, na sanduku la bati katikati yao. Mama hakulia. Aliwavusha mmoja mmoja, kwa kuwa mtumbwi ulikuwa mdogo, na safari ya mwisho akavusha sanduku peke yake. Alfajiri alipika wali, akautengeneza matonge, akauweka kwenye jani la mgomba, akarudi nyuma hatua chache, akapiga makofi kuita kunguru. Kisha, kwa kuwa ng'ambo watu walikuwa wanaita, akashuka mtoni akachukua kasia. Hapo ndipo maandishi yalipokoma. Chathu hakuyagusa maji yake ya bizari. Alisoma mpaka nukta.

Hakuna aliyeomba arudie.

Madhavi alikitazama kitabu mkononi mwa Chathu, akauliza, "Aliendelea kuvusha watu?"

"Aliendelea."

"Siku ileile?"

"Siku ileile, mama," Latha akajibu badala yake. "Ndivyo ilivyoandikwa."

Madhavi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa mzigo na sasa anaupima kwa jicho. Akaenda kuchukua ungo wake, akamkabidhi jirani, akatoka na binti yake chini ya mwavuli mmoja.

Baada ya hapo lilibaki suala la kiti, na kiti ni mali ya banda. Raghavan, rafiki wa Chathu tangu wote wakiwa wakata majani, ndiye aliyelisema.

"Chathu, hapa hatuna macho. Macho yetu ni wewe. Sasa nikikusikia ukisoma gazeti kwamba nazi zimepanda, nitajuaje kama hunihurumii tu?"

Watu hawakucheka. Chathu aliweza kujitetea. Alikuwa na maneno, na wengine walikuwa tayari kuyanunua. Wanawake wawili walikuwa wanalia, wakisema alifanya kwa huruma. Lakini aliijua bidhaa yake. Msomaji huuza kitu kimoja tu, na kikishaonekana kimeghoshiwa hakiuziki tena, hata ukipunguza bei kiasi gani. Hawakufika hata kunyoosha mikono. Aliteremka, akaomba ungo na mkasi, akaketi mstari wa nyuma. Vidole vyake vilikuwa vimesahau. Bidi zake za kwanza mkaguzi alizitupa zote.

Kiti kikapewa Balan, kijana mwenye sauti ya puani, ambaye husoma kila neno kama anahesabu mawe, wala haruki hata moja.

Siku ya mwezi kufa Madhavi alishuka pwani na watu wengine, nguo zimelowa. Aliporudi kazini hakuna aliyethubutu kumuuliza, isipokuwa Raghavan, na yeye aliuliza akiwa ameinamia kazi yake.

"Kunguru walikuja, dada?"

"Walichelewa. Halafu walikuja. Walikula yote."

Akapita nafasi yake ya zamani, akaenda kukaa mstari wa nyuma, kando ya Chathu. Hakumsalimu. Walisokota hivyo mpaka mchana, na mchana Balan akafungua riwaya mpya, habari ya msichana aliyelazwa hospitali ya kifua kikuu mlimani. Sura ya kwanza ilikuwa nzuri hata puani mwa Balan.

"Huyu msichana," Madhavi akanong'ona, mikono ikiendelea, "atapona?"

Chathu alikuwa amekisoma kitabu hicho chote, zamani, wakati kilipopingwa kwenye kura ya banda. Alikunja jani, akalibana, akalifunga uzi.

"Sikiliza," akasema.

"Unajua lakini."

"Najua."

"Basi ninyamazie," Madhavi akasema, akageuza sikio upande wa Balan.