Shibiri Moja ya Mwanzi

Hapa Magara, kando ya ziwa, kila muvuvi hukata fimbo yake ya mwanzi ya kuvulia sawa na kimo chake, toka kisigino mpaka utosini. Mimi, na ujuaji wangu, nilimwambia kaka yangu kwamba huo ni ujinga. Kwa chambo cha kuelea, kile tulichochonga kwenye kandambili iliyochakaa, fimbo ndefu hukinyanyua juu ya maji na samaki sangala hashiki. Fupi ndiyo hukichezesha. Alikataa. Nikachukua panga, nikaipunguza fimbo yake shibiri moja.

Sangala walishika kweli. Lakini fimbo fupi hairushi mbali, basi akawa anasimama kwenye jiwe la mwisho, lile linalopandwa na mawimbi. Siku ya tatu ziwa likamchukua, fimbo ikabaki kwenye jiwe.

Maiti ilipopatikana, seremala hakuipima; kwetu maiti ya muvuvi haipimwi. Aliomba fimbo ya kaka, akailaza juu ya mbao za jeneza, akaanza kukata. Nilikuwa nimesimama palepale. Nikamshikia mbao.

Jioni walimkunja magoti ili jeneza lifungike. Mama akaniuliza mbona mwanawe amerefuka majini.