Siku Wazee wa Matarumbeta Walipogeuza Benchi

Nilikubali kuanzisha wimbo kwa sababu moja tu: nilijua baba mkwe wangu hawezi kuja.

Yeye alikuwa Mprotestanti wa ng'ambo ya mto, mpiga besi katika bendi ya matarumbeta ya kanisa lao, na sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa parokia yetu ya Kikatoliki, haikumhusu hata kidogo. Mimi nilizaliwa Kinyala, nikabatizwa Mkatoliki nikiwa mchanga, nikaolewa kwao Matwebe, na mume wangu hakunilazimisha kuhama kanisa. Mtu atadhani tatizo lilikuwa hayo makanisa mawili. Wala.

Kwetu sisi Wanyakyusa, mwanamke hakutani na baba mkwe wake. Si chuki, ni heshima. Nikimwona njiani naingia migombani, nachuchumaa mpaka apite. Yeye naye, mtu muungwana, alikuwa anakohoa tangu mbali ili nipate nafasi ya kujificha. Miaka minne ya ndoa, na nilichokijua kwake kilikuwa kikohozi hicho, kofia yake ya kahawia kwa nyuma, na mngurumo wa besi akifanya mazoezi jioni upande wa pili wa migomba. Wasichana wa siku hizi wanacheka nikiwasimulia. Wacheke, watakuja kuwa na wakwe wao.

Mwalimu wa kwaya yetu hakuwa wa huku. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, serikali ilimleta kutoka Singida, mtu wa makelele lakini kipaji anacho. Miaka mitatu mfululizo kigango chetu kilishika mkia katika mashindano ya kwaya siku ya somo, na wenzetu wa vigango vingine walitubandika jina la Amina, eti ndilo neno pekee tuliloweza kuliimba kwa pamoja. Mwaka ule Mwalimu akaapa kwamba imetosha. Akatunga wimbo mpya ambao kila ubeti unaimbwa na mwanamke mmoja peke yake, halafu kwaya inaitikia. Sare tukazipata kwenye mitumba, maana ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa na soko la Tukuyu limefurika nguo. Blauzi zetu zilikuwa nyeupe zote, ila kila moja na kola yake.

Tulikuwa wawili wenye sauti ya kuanzisha. Mwenzangu akajifungua wiki moja kabla ya sikukuu, nikabaki peke yangu. Niliimba nikimenya ndizi, niliimba nikifua, niliimba nikipuliza moto wenye kuni mbichi mpaka moshi unaniingia kooni.

Ijumaa, mama mkwe alikuja kuniomba majivu na ndimu za kung'arishia tarumbeta la mzee. Nikampa bila kuuliza. Nilidhani wana harusi.

Sikukuu yetu huangukia Juni, mwezi wa baridi na ukungu. Jumapili ile tulisali nje, pumzi zinatoka mdomoni kama moshi, na baada ya misa mwenye vipaza sauti kutoka Tukuyu akaanza kupanga vyombo vyake uwanjani. Ndipo nikasikia matarumbeta kutoka upande wa mto. Watu wote wakashangilia. Mimi nilisikia besi tu. Besi ile ningeitambua hata usingizini.

Paroko wetu, ambaye alikuwa mgeni katika nchi yetu, aliwaalika majirani kwa ajili ya upendo wa makanisa, na hakumwambia mtu kwa sababu alitaka kutushtukiza. Alitushtukiza kweli. Wazee sita wakaingia na matarumbeta yanayong'aa, wakapewa benchi la heshima, na benchi hilo lilikuwa hatua kumi tu kutoka mahali pa kusimama kwaya, likitazamana napo. Nikakimbilia nyuma ya ukuta wa sakristia, chumba cha padri cha kuvalia, na kujifunika kanga.

Mwalimu akanifuata huko. "Dada, sisi ni wa nne. Wa tatu wameshaingia uwanjani."

"Baba mkwe wangu yuko pale, Mwalimu."

"Si ndiyo vizuri? Atakusikia."

"Siwezi kusimama mbele yake."

"Kwani anakula watu?"

Nilimchukia dakika ile, Mungu anisamehe. Mama mmoja wa sauti ya pili akamvuta pembeni akamweleza. Mwalimu alirudi kichwa chini, akasema basi nitaimbia ndani ya sakristia, dirishani, atanivutia kipaza sauti. Akavuta waya. Uliishia kwenye ngazi ya tatu. Akauvuta tena mpaka mwenye vyombo akapiga kelele kwamba huyo mwalimu anataka kumfilisi.

Tukaitwa. Wenzangu wakatoka, nikabaki peke yangu kwenye kona ya ukuta. Nikitoka, nitakuwa nimemvunjia baba mkwe heshima mbele ya makanisa mawili, na wanawake wa ukoo watanikumbusha mpaka nizeeke. Nisipotoka, watu waliokuwa wanatoka kuchuma chai na kuja mazoezini na vidole vimepasuka watashika mkia kwa ajili yangu. Nililia, na sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira. Kila mtu aliona kwaya imesimama bila kuanza, na Mwalimu mkono umeganda hewani.

Hapo nikasikia kikohozi.

Ndicho kilekile cha njiani. Kisha sauti ya mzee, kwa Kinyakyusa, kubwa ya kusikika mpaka barabarani: "Jamani, jua linatuumiza macho. Tugeukeni."

Jua! Ukungu ulikuwa mzito, hata mnara wa kanisa ulionekana nusu. Lakini hakuna mzee aliyebisha, kila mmoja wao ana wake za wanawe nyumbani. Walisimama wote sita, wakainua benchi, wakaligeuza, wakakaa wakitazama migomba, migongo yao kwetu. Paroko alibadilika rangi akidhani tumewaudhi wageni, mpaka katekista alipomnong'oneza sikioni.

Nilitoka. Nikaiona kofia ya kahawia kwa nyuma, kama siku zote. Sijawahi kushukuru mgongo wa mtu kama siku ile. Ubeti wa kwanza niliuimba nikiutazama mgongo huo, wa pili niliuimba haraka kwa furaha, na kiitikio kilipoanza besi ikaingia chini yetu, taratibu, mahali penyewe hasa, hata pale ninapopenda kuchelewa kidogo ikachelewa nami. Hakugeuka. Watu walipiga vigelegele mpaka mwisho wa wimbo ukafunikwa. Nilidhani Mwalimu alimpa noti za wimbo, nikamuuliza. Akasema hajawahi kuzungumza na mzee huyo maishani mwake.

Waamuzi walitukata alama kwa kutumia ala ambayo hatukuiandikisha. Tukawa wa pili. Mwalimu alibishana nao mpaka chakula kikapoa, lakini sisi tuliruka tukikumbatiana, kwani kutoka mkiani hadi wa pili si mchezo, na hakuna aliyetuita Amina tena.

Jioni mama mkwe alikuja kwangu na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu.

"Baba yako anasema ndaga fijo, asante sana, kwa majivu na ndimu," akasema.

"Na mimi namshukuru, mama. Mwambie namshukuru sana."

"Nitamwambia." Akatazama moto. Niliona anabana kicheko.

"Kuna lingine, mama?"

"Anasema ubeti wa pili uliukimbiza. Anasema hapa jikoni huwa huukimbizi."