Vidole Vinne vya Juu

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia katika kiwanda kimoja cha uchapaji Kariobangi nimevaa blauzi nyeupe, na kabla ya chai ya saa nne ilikuwa na wino hadi kwenye kola. Msimamizi wa Chapa alicheka, akanipa aproni, kisha akanionyesha kazi ambayo ingenilisha maisha yangu yote: kichwa cha barua. Ndicho kile kipande cha juu chenye jina la biashara, nembo na anwani. Nilikipenda papo hapo. Nyinyi vijana mnaona ni mapambo tu, lakini mimi nikiona kadi ya harusi imepangwa vibaya nakosa hata hamu ya pilau.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilihamia kampuni iliyouza mashine za kufuma sweta. Walikuwa wamenunua modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, nacho kilipiga mayowe kama paka aliyekanyagwa mkia. Nilifurahi mno! Kazi yangu ilikuwa kubuni vichwa vya barua pepe za miamala, yaani zile za kumwambia mteja oda yako tumeipokea, au mashine yako imefika, njoo uichukue. Mkurugenzi alikuwa ameshakata shauri kuhusu sura yavyo: nembo kutoka ukingo hadi ukingo, na jina la kampuni chini yake. Jina la mteja lilijificha huko chini, katikati ya maelezo.

Asubuhi moja akaingia Mama Nekesa, mfumaji wa sweta za shule kutoka mtaa wa Tena, amefura. Mashine aliyoagiza ilikuwa imefika, tukamwandikia, hakutokea, na kwa sheria ya kampuni ikapewa mteja mwingine. Yeye aliapa hakupata barua yoyote. Mashine iliyobaki ilikuwa moja tu, bado iko njiani kutoka Mombasa, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

"Nimeahidi shule nzima sweta," alimwambia Meneja wa Mauzo. "Hii nayo ikinipita, wazazi watanila mbichi, na kazi ya shule ndiyo basi."

Meneja akanituma nikaone barua zetu zinakwama wapi.

Siku hizo sehemu kubwa ya mtaa wa Tena ilitumia anwani moja ya barua pepe, ya duka la kupiga chapa la binti aliyeitwa Shiro. Barua ikiingia, Shiro aliichapa, akaikunja ili majirani wasisomeane mambo yao, akaibana kwa kibanio cha nguo kwenye kamba nyuma ya kaunta. Kilichoonekana ni upana wa vidole vinne vya juu vya karatasi tu. Barua zetu zilikuwa kadhaa, na zote zilionyesha kitu kimoja: nembo yetu, nyeusi tii, kwa kuwa mashine yake ya kuchapia haikuwa na rangi.

"Za kwenu sijuangi ni za nani," Shiro aliniambia. "Na siwezi kunjua barua ya mtu, hiyo ni siri yake."

Nilirudi ofisini nusura nikimbie. Shida ilikuwa ya kichwa cha barua, shida yangu kabisa! Nikachapa barua kadhaa, nikazikunja kama Shiro, nikazipanga mezani pa Meneja wa Mauzo na kumwomba atafute ya Mama Nekesa. Alitazama, akavua miwani, akatazama upya.

"Lakini Rose, nembo ndiyo uso wetu."

"Uso tunao, bosi. Jina lake ndilo hatuna."

Hakubisha. Isitoshe, yeye ndiye aliyeleta wazo lililozidi langu: mteja ajue pia habari ni gani, bila kukunjua. Alasiri nzima tuligombania ukubwa wa herufi kama watoto wanaogombania mpira. Nembo tuliipunguza ikawa kama kifuniko cha soda pembeni, tukaichora kwa mistari myembamba isigeuke bonge la wino. Jina la mteja likakaa juu kabisa, kisha neno moja la hali ya oda: IMEPOKELEWA, au IMEFIKA. Pande zote tukaacha nafasi tupu ili jicho litulie. Mkurugenzi alinuna, kisha akatia sahihi.

Mashine ilipowasili nilituma barua, halafu nikashindwa kukaa. Nilikwenda kwa Shiro, nikajifanya nimekuja kutoa fotokopi. Mama Nekesa aliingia kwa uchovu, na kabla hajasalimu, macho yake yakaenda kwenye kamba.

"Shiro, nipe hiyo yangu," alisema. "Imefika."

Sasa nimestaafu. Kampuni ile ilishabadilisha nembo, na hakuna mahali kazi yangu inaonekana. Lakini wajukuu wakiniuliza kama kupanga vichwa vya barua ilikuwa kazi kweli, ninamwona Mama Nekesa akiipokea ile karatasi. Hakuikunjua. Aliitia mkobani vile vile, akatoka mbio kwenda kuchukua mashine yake.