Orodha ya Tarehe Ishirini na Tano

Karani wa mishahara wa hoteli moja katika mji wa pwani wa Llandudno hakuwahi kupeleka orodha ofisi ya kodi kabla ya tarehe ishirini na tano. Kila jina alilipitia kwa kidole, akilinong'ona, na likimtatiza alimfuata mwenye jina kumuuliza. Ndivyo Tegwen, mpishi wa keki aliyeanza kazi mwanzoni mwa Machi, alivyomjua: mwanamke mfupi mwenye mikono inayonukia mafuta ya waridi, kasimama mlangoni mwa jiko, kalamu sikioni. Kisha corona ikafunga hoteli. Serikali ikasema italipa mishahara ya waliobaki nyumbani, ila wale tu ambao majina yao yalifika ofisi ya kodi kufikia tarehe kumi na tisa Machi. La Tegwen lilifika siku sita baadaye.

Karani alimpigia simu mwenyewe. "Ningeituma mapema ungelipwa, mwanangu. Kosa ni langu."

"Usijilaumu, mama. Nani alijua?"

Karani alipekua karatasi, zikasikika simuni. "Yule mwoka mikate uliyemfanyia kazi hadi mwisho wa Februari, mliagana vizuri?"

"Vizuri tu. Kwa nini?"

"Anaruhusiwa kukurudisha kwenye orodha yake, na serikali ikulipe kupitia kwake. Nipe namba yake."

Kesho yake mwoka mikate alimpigia Tegwen. "Nimekurudisha," alisema. "Huyo mama yenu wa mishahara amenipigia mara tatu. Mara ya kwanza nilikubali, ya pili akanishukuru, ya tatu akalia."